Mita, Milisekunde na Megabaiti

Kijana anayeamua leo kujifunza kujenga programu za VR na AR, yaani uhalisia pepe na uhalisia ulioongezwa, zinazofunguka ndani ya kivinjari hukaribishwa na majina. three.js, A-Frame, Babylon.js, AR.js, MindAR, WebXR: kila video ya mafunzo ina lake, na kila mwalimu anamwambia aanze na lile analolijua yeye. Baada ya wiki chache kijana huyo ana mchemraba unaozunguka kwenye skrini. Hajui kwa nini unazunguka, wala hajui hatua inayofuata ni ipi.

Nataka kuchambua hapa ni kitu gani hasa kinachojifunzwa katika fani hii, na kwa mpangilio upi, hasa kwa mtu wa Mwanza, Mombasa au Bukavu ambaye kifaa chake cha kwanza ni simu ya Android ya bei ya kawaida. Msimamo wangu ni kwamba hii ni fani ya vipimo. Anayevielewa vipimo vyake, yaani umbali, muda na uzito, atahama kutoka zana moja hadi nyingine bila kupotea. Anayeanza na zana atabaki mikono mitupu siku zana hiyo itakapofungwa, na katika fani hii zana hufungwa upesi.

Ushahidi upo. Mwaka 1994, katika mkutano wa kwanza wa wavuti uliofanyika Geneva, ndipo wazo la VRML lilipojadiliwa: lugha ya kuandika ulimwengu wa 3D kama ukurasa wa HTML unavyoandikwa. Mwaka 1997 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Wazo lilikuwa sahihi kabisa, lakini kompyuta za wakati ule na intaneti ya kupitia laini ya simu hazikuweza kubeba mafaili yake, na watu wakaliacha. WebVR, njia ya kwanza ya kuunganisha kivinjari na miwani ya VR, ilianza kama majaribio ya Mozilla na Google mwaka 2014. Miaka michache baadaye ikawekwa kando na WebXR ikachukua nafasi yake. Miwani ya Daydream ya Google iliachwa mwaka 2019. Poly, ghala la bure la maumbo ya 3D ambalo walimu wengi walilitegemea, lilifungwa Juni 2021. Mozilla Hubs, vyumba vya mikutano vya 3D vilivyoingiwa kwa kubonyeza kiungo tu, vilianza mwaka 2018, na Mozilla wakafunga huduma hiyo tarehe 31 Mei 2024. Kampuni ya 8th Wall, iliyokuwa kinara wa AR ya kivinjari, ilinunuliwa na Niantic mwaka 2022; mwaka 2025 ikatangazwa kwamba jukwaa lake litasitishwa.

Vipo vilivyodumu. WebGL, inayokiruhusu kivinjari kutumia kadi ya michoro ya kompyuta au simu, ilitolewa mwaka 2011 na ingali msingi wa karibu kila kitu. Maktaba ya three.js, aliyoianzisha Ricardo Cabello, ipo wazi kwa umma tangu 2010. Mfumo wa faili za 3D uitwao glTF, unaosimamiwa na Khronos Group, ulifikia toleo la pili mwaka 2017 na kukubaliwa na ISO mwaka 2022. Vyote hivi vina sifa moja: haviishi kwenye seva ya kampuni moja, na hesabu zilizomo ndani yake ni zilezile zilizotumika kabla ya wavuti kuwapo. Mwanafunzi aliyeitambua tofauti hii mapema ameokoa miaka.

Kwa nini basi mtu aanze na wavuti, wakati Unity na Unreal, zana za kutengenezea michezo, zina nguvu zaidi? Ni kwa sababu ya njia ya kumfikia mtumiaji. Programu ya Unity inataka kompyuta yenye nafasi ya gigabaiti nyingi, kisha duka la programu la kuipitishia, kisha mtumiaji akubali kuipakua na kuisakinisha kwenye simu ambayo tayari imejaa picha na video za WhatsApp. Ukurasa wa wavuti unahitaji kiungo. Mwalimu wa Biolojia hukituma kwenye kundi la darasa, mwanafunzi anakibonyeza, na moyo unaopiga unatokea juu ya daftari lake. Kosa likigunduliwa jioni hurekebishwa usiku, na asubuhi kila mtu anafungua toleo jipya. Kinachopotea ni nguvu: kivinjari hakitafikia ubora wa picha wa mchezo mkubwa uliosakinishwa. Kwa elimu, utalii, makumbusho na biashara ndogo, hasara hiyo inabebeka.

Lakini hapa lazima tuambiane ukweli kuhusu simu, kwa maana miongozo mingi imeandikwa na watu ambao simu zao hazifanani na zetu. AR ya WebXR katika Chrome ya Android hutegemea ARCore, programu ya Google ya kutambua mazingira, na ARCore hufanya kazi kwenye simu ambazo Google imezipima na kuziidhinisha. Simu nyingi za bei ya chini hazimo kwenye orodha hiyo. Nyingine hazina hata jairoskopu, kile kihisi kinachoiambia simu imegeukia wapi. Upande wa iPhone, Safari bado haijafungua WebXR, ingawa Apple wameiwezesha katika miwani yao ya Vision Pro tangu visionOS 2 ya mwaka 2024. Kwa hiyo yule anayefuata somo la kuweka kiti cha 3D juu ya sakafu ya sebule anaweza kumaliza kazi vizuri, akawatumia wenzake kumi, na wengi wao wakaona ukurasa mtupu.

Ipo njia ya zamani zaidi. Mwaka 1999 mtafiti wa Kijapani, Hirokazu Kato, alitoa ARToolKit. Unachapisha kwenye karatasi mraba wenye fremu nyeusi na alama katikati. Kamera inautafuta mraba huo, inapata pembe zake nne, na kwa kuwa ukubwa halisi wa mraba unajulikana, programu inahesabu kamera ipo umbali gani na imeinama kiasi gani. Mwaka 2017 Jerome Etienne aliileta njia hiyo kwenye kivinjari kwa jina la AR.js. MindAR ikaongeza uwezo wa kutumia picha ya kawaida, kwa mfano jalada la kitabu, badala ya mraba. Njia hii haihitaji ARCore wala jairoskopu. Kinachotakiwa ni kamera na ruhusa ya kuitumia, na iPhone nayo imo.

Wataalamu wengi huiona njia hii imezeeka. Mimi naiona kuwa ndiyo mlango sahihi wa AR kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, na bei ya simu ni nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ni kwamba inafundisha. Chapisha alama yenye upande wa sentimita 8, kisha iambie programu kwamba ina sentimita 16: umbali wote unaohesabiwa utakuwa maradufu, na kikombe ulichokichora kwa ukubwa wake halisi kitaonekana nusu yake. Katika jaribio hilo moja, linalogharimu karatasi moja, mwanafunzi ameushika uhusiano wa kipimo, kamera na nafasi ambao somo la sakafu ya sebule humfichia kwa sababu ARCore imemfanyia kila kitu.

Hapo ndipo mita inapoingia. Aliyezoea kutengeneza tovuti za kawaida anafikiri kwa pikseli na asilimia ya skrini. Katika WebXR kizio ni mita, mita ya kweli ya dunia hii. Mhimili wa X unaelekea kulia, Y juu, na Z unamjia mtazamaji, kwa hiyo kilicho mbele ya macho kina Z hasi. Mwanafunzi huweka mtungi kwenye sifuri, sifuri, sifuri, anavaa miwani, na haoni kitu. Mtungi upo kichwani mwake au miguuni pake, kutegemea ni asili gani ya vipimo aliyoiomba. WebXR inazo kadhaa: ile iitwayo local huanzia karibu na mahali kichwa kilipokuwa wakati programu inafunguka, na local-floor huanzia sakafuni. A-Frame humrahisishia kwa kuiweka kamera mita 1.6 juu ya sakafu, lakini urahisi huo unageuka mtego siku mtumiaji anapokuwa mtoto wa miaka kumi, au mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, na kitufe ulichokipanga kwenye usawa wa macho yako kipo juu, mkono wake haukifikii.

Macho mawili ya binadamu yametengana wastani wa milimita 63 hivi, na kila fremu ya WebXR huleta mtazamo wa jicho la kushoto na wa jicho la kulia, kila mmoja na mahali pake. Ubongo hutumia pengo hilo kama rula. Ukiujenga mlango wa urefu wa mita 1.2 kwa sababu ulionekana sawa kwenye skrini ya kompyuta, ndani ya miwani nyumba nzima itaonekana ya kuchezea, na hakuna rangi wala mwanga utakaoiokoa.

Nyuma ya haya yote kuna hesabu ambayo wengi wanaifahamu bila kujua kwamba wanaifahamu. Mtaala wa hisabati wa kidato cha nne Tanzania kwa miaka mingi umekuwa na mada za trigonometria, vekta, na matriksi pamoja na mageuzi ya maumbo. Mwanafunzi anazungusha pembetatu nyuzi 90 kwenye karatasi ya grafu, anafanya mtihani, na hakuna anayemwambia kwamba matriksi ile ile, ikiongezewa upande mmoja, ndiyo inayougeuza mtungi mkononi mwa mchezaji. Kila kitu katika mandhari ya 3D kina matriksi yake. Ukikamata mtungi kwa kidhibiti, mtungi unakuwa mtoto wa mkono, mkono ni mtoto wa chumba, na mahali halisi pa mtungi ni matokeo ya kuzidisha matriksi hizo kwa mpangilio wake. Walimu wa hisabati wana hapa nafasi ambayo sioni ikitumiwa: kuifundisha mada hiyo kwa A-Frame kwenye chumba cha kompyuta, ambako jibu lisilo sahihi huonekana kwa macho.

Muda nao una ukali wake. Miwani inayoonyesha picha mara 72 kwa sekunde humpa mtengenezaji milisekunde 13.9 kwa kila fremu; ikiwa ni mara 90, zinabaki 11.1. Ndani ya muda huo programu inapaswa kusoma mkao wa kichwa, kusogeza vitu, kuchora jicho la kwanza na kuchora la pili. Ikichelewa, dunia inabaki nyuma ya kichwa, na sikio la ndani na macho vinapoanza kupingana mtu hupata kichefuchefu. Kwenye tovuti ya kawaida ukurasa mzito humkera mtumiaji. Hapa humwumiza mwilini, na aliyeumia mara ya kwanza harudi.

Kutokana na ukweli huo mmoja zinatoka kanuni nyingi ambazo mafunzo huziorodhesha kama amri bila sababu. Usimsogeze mtumiaji kwa nguvu. Mwache aelekeze anakotaka kwenda, kisha mrushe hadi pale. Usitengeneze vitu vipya ndani ya kitanzi cha fremu, kwa sababu JavaScript itakapofika wakati wa kufagia kumbukumbu itasimama kwa milisekunde kadhaa, na hizo ndizo ulizokuwa huna. Usipakie faili kubwa katikati ya safari. Punguza idadi ya amri za kuchora, kwa kuwa vitu mia tano vidogo vinavyochorwa kimoja kimoja huichosha simu kuliko kitu kimoja kikubwa. Aliyeielewa bajeti ya milisekunde hahitaji kuzikariri kanuni hizi, ataziunda mwenyewe.

Uzito ndio mada ninayoijali kuliko zote, na nitaieleza kwa mfano wa Kilwa Kisiwani. Magofu yale yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliyapima kwa leza. Mwaka 2020 Kilwa ilikuwa moja ya maeneo matano katika maonyesho ya mtandaoni ya Google Arts & Culture, CyArk na ICOMOS kuhusu urithi unaotishiwa na mabadiliko ya tabianchi, kwa kuwa bahari inaendelea kula kingo za kisiwa. Mwaka huohuo, tarehe 25 Desemba, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa wakati wa Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka. Anayetaka kujua kwa nini fani hii ina maana katika pwani yetu na atazame miaka hiyo.

Sasa chukua Msikiti Mkuu wa Kilwa, wenye safu za nguzo, matao na kuba za mawe ya matumbawe na chokaa, sehemu yake ya zamani ikiwa ya karne ya 11. Upimaji wa leza au fotogrametria, yaani kujenga umbo kutokana na mamia ya picha zilizopigwa kutoka pande zote, huzaa mamilioni kwa mamilioni ya pembetatu. Umbo hilo ni hazina kwa mhifadhi na mtafiti. Kwenye kivinjari cha simu halifunguki kabisa. Kazi ya mjenzi wa wavuti ni kulipunguza bila kuuvunjia heshima ukweli wake. Katika Blender, ambayo ni ya bure, pembetatu zinapunguzwa hadi laki moja au mbili kwa mandhari yote. Hicho ndicho kikomo ambacho mimi hukipendekeza kwa anayeanza. Nyufa, matundu na mikwaruzo ya ukuta huhamishiwa kwenye picha maalumu inayouelekeza mwanga, ili ukuta ulio bapa uonekane una mabonde. Nguzo zinazofanana huhifadhiwa mara moja na kuchorwa mara nyingi. Lakini hapa kuna swali la uadilifu: nguzo za Kilwa hazifanani kabisa, kila moja imeliwa na wakati kwa namna yake. Anayeweka nakala anapaswa kusema ndani ya programu yenyewe ni ipi iliyopimwa na ipi iliyoigwa.

Kisha zinakuja picha za kuyavisha maumbo hayo, na hapa ndipo karibu kila anayeanza hujikwaa. Picha ya JPEG yenye pikseli 4096 kwa 4096 inaweza kuwa na megabaiti mbili kwenye diski. Mwanafunzi anafurahi. Ikifika kwenye kadi ya michoro hufunguliwa, kila pikseli ikichukua baiti nne, na inakuwa megabaiti 64. Ongeza nakala zake ndogo zinazoandaliwa kwa ajili ya kutazamwa kutoka mbali, theluthi nyingine. Picha tano za namna hiyo zinazidi megabaiti 400 za kumbukumbu kwenye simu yenye gigabaiti mbili inayoendesha WhatsApp kwa wakati uleule. Kivinjari kinajifunga bila kutoa maelezo, na mwanafunzi anaamini kwamba msimbo wake una kosa. Dawa ipo: tumia pikseli 1024 pale jicho haliwezi kutofautisha, ambapo picha hiyo hiyo inashuka hadi megabaiti 4; na ihifadhi kwa mfumo wa KTX2, ambao hubaki umebanwa hata ndani ya kadi ya michoro na kuchukua kati ya robo na thumuni ya nafasi hiyo. Maumbo yenyewe hubanwa kwa Draco au meshopt kabla ya kupakiwa.

Kwa hiyo kuna uzito wa aina mbili, na mafunzo mengi huuzungumzia mmoja tu. Wa kwanza ni wa bando, yaani megabaiti anazozilipia mtumiaji ili ukurasa umfikie. Wa pili ni wa kumbukumbu, ambao hauonekani kwenye bili. JPEG iliyobanwa sana hupunguza wa kwanza bila kuugusa wa pili. Ninashauri ukurasa wa kwanza usizidi megabaiti tano: picha moja tulivu, sauti fupi ya msimulizi, na umbo jepesi la jengo. Mwenye Wi-Fi na simu kubwa aombe mwenyewe toleo zito kwa kubonyeza. Mwenye bando la siku amekwishaona kitu chenye maana kabla ya kubonyeza, na hilo ni suala la haki kabla halijawa suala la ufundi.

Mbinu mpya ya kutandaza mamilioni ya madoa laini ya rangi badala ya pembetatu, iliyotolewa na watafiti wa Inria na wenzao mwaka 2023, inatoa picha nzuri ajabu za majengo ya kale na tayari inafanya kazi kwenye kivinjari. Kwa simu zetu bado ni nzito. Ijue, ifuatilie, usianze nayo.

Nimetaja ujenzi wa mandhari. Lakini programu shirikishi inahitaji mtu afanye jambo ndani yake. Hapa WebXR imefanya kitu cha busara ambacho hakisifiwi vya kutosha. Mguso wa kidole kwenye skrini ya simu, kifyatuo cha kidhibiti cha miwani, na kubana kidole gumba na cha shahada mbele ya kamera zinazofuatilia viungo 25 vya mkono, vyote humfikia mtengenezaji kama tukio moja liitwalo select, likiambatana na mstari unaoonyesha mtu ameelekeza wapi. Anayepanga programu yake kuanzia tukio hilo, kwa vitendo vya kuelekeza na kuchagua, hupata simu na miwani kwa msimbo mmoja. Anayeanza na vitufe vya kidhibiti fulani amejifungia kwenye miwani ambayo majirani zake hawana. Maandishi nayo yataka uangalifu: ndani ya miwani hakuna ukurasa wa HTML wa kuyabeba, herufi lazima zichorwe kama maumbo, na aya ndefu huchosha macho. Sauti hubeba zaidi. Msimulizi anayezungumza Kiswahili safi karibu na mihrabu, sauti yake ikipungua unapotembea kuelekea mlangoni, hufanya kazi ambayo vibao kumi vya maandishi haviiwezi, na Web Audio ya kivinjari ina uwezo huo bila malipo.

Kuhusu vifaa vya kujifunzia nitapita haraka. Miwani si lazima mwanzoni. Zipo programu-jalizi za kivinjari, mojawapo ikitolewa na Meta, zinazoiga miwani na vidhibiti kwenye skrini ya kompyuta. WebXR hukataa kufunguka kwenye anwani isiyo salama, kwa hiyo ukurasa lazima uwe wa HTTPS au uwe kwenye kompyuta yenyewe. Waya wa USB na zana za wasanidi za Chrome huiwezesha simu kuufungua ukurasa uliopo kwenye kompyuta kana kwamba upo ndani ya simu, na GitHub Pages hutoa HTTPS bure siku ya kuuonyesha umma. Pia kivinjari hakitaingia kwenye VR mpaka mtumiaji abonyeze mwenyewe. Wengi hupoteza siku nzima wakitafuta kosa, kumbe ni ulinzi.

Na ulinzi una sababu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao walichukua data za wachezaji zaidi ya 55,000 wa mchezo wa Beat Saber, wakaonyesha kwamba mwendo wa kichwa na mikono kwa sekunde 100 unatosha kumtambua mtu mmoja kati ya wote hao kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 94. Mwendo wa mwili, kwa maneno mengine, ni alama ya kidole. Anayejenga somo la VR kwa ajili ya shule na kuhifadhi mienendo ya watoto kwenye seva, hata kwa nia njema ya kupima walivyojifunza, anashika taarifa binafsi. Kenya na Uganda zina sheria za ulinzi wa taarifa hizo tangu 2019, na Tanzania imetunga yake mwaka 2022. Sijaona kozi ya WebXR inayolifundisha jambo hili wiki ya kwanza, na naona hapo ndipo pake, kwa sababu njia rahisi ya kulitimiza ni kutoikusanya data hiyo tangu mwanzo.

Mpangilio ninaoutetea, basi, uko hivi. HTML na JavaScript ya kawaida kwanza, hadi mtu aweze kuandika kitanzi na kusoma tukio bila kunakili. Kisha A-Frame, iliyotolewa na Mozilla mwaka 2015, kwa sababu vipengele vyake vinaandikwa kama HTML na mwanafunzi anaona matokeo siku hiyohiyo. Lakini kila anachokiweka akipime kwa mita, kwa rula mkononi. Kisha AR ya alama ya karatasi. Kisha Blender na glTF, na hapa akae muda mrefu kuliko anavyotaka, kwa kuwa fundi wa kupunguza uzito ni adimu kuliko mwandishi wa msimbo. Baada ya hapo ndipo ashuke kwenye three.js, ambayo A-Frame imejengwa juu yake, aone kitanzi cha fremu na matriksi bila pazia. WebXR yenyewe, kwa miwani ya kweli, ije mwisho, wakati ana kitu chenye maana cha kuingia nacho. Kozi nyingi huanza na hatua hii ya mwisho kwa sababu ndiyo inayovutia kwenye tangazo.

Kikwazo kinachobaki ni lugha. Maelezo ya WebXR, WebGL na JavaScript yapo kwenye MDN, tovuti ya marejeo ya wasanidi wa wavuti, yenye matoleo ya lugha kadhaa, zikiwamo Kifaransa, Kihispania, Kireno cha Brazili, Kijapani, Kikorea, Kichina na Kirusi. Kiswahili hakimo. Kijana wa Bukavu anaweza kusoma kwa Kifaransa. Wa Tabora aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza kigumu anaisoma dhana ngeni kwa lugha ambayo bado anapambana nayo, na anapokwama hajui kama amekwama kwenye hesabu au kwenye sarufi. Kurasa zote haziwezi kutafsiriwa kwa mkupuo. Tatu zinawezekana: ile inayoeleza asili za vipimo na mihimili, ile ya mzunguko wa fremu, na ile ya kuandaa picha na maumbo ya WebGL yasiyozidi uwezo wa simu. Chama cha wanafunzi wa kompyuta katika chuo chochote cha Dodoma, Nairobi au Zanzibar, kikishirikiana na wenzao wa idara ya Kiswahili, kinaweza kuzimaliza katika muhula mmoja na kuziweka wazi kwa kila mwalimu, pamoja na alama ya karatasi ya sentimita 8 iliyo tayari kuchapishwa.